Zimeni umeme kwanza, ndiyo mniambie pampu inafanya kazi

Wiki iliyopita niliahidi kuandika kuhusu ule usiku wa Aprili 2024 maji yalipoingia chumba cha watoto, na pampu ya betri tuliyofunga baada ya hapo. Wengi mmenifuata inbox mnauliza bei. Bei nitasema, ila kwenye hii habari bei ndiyo kitu kidogo kuliko vyote. Post ni ndefu, kama unanyonyesha saa hizi tulia tu usome.

Kwa wageni: mimi ni nesi, kazi nafanya mjini Morogoro, nyumbani ni huku Mzumbe. Unakuja na barabara ya Iringa, unakunja Sangasanga, unaingia ndani. Pazuri sana, milima ya Uluguru unaiona asubuhi ukifungua mlango. Shida ya kukaa chini ya mlima wote mnaijua: maji ya mlima hayana pa kwenda isipokuwa kwako.

Kiwanja chetu kinateremka kwenda nyuma. Barabara iko juu, nyumba inafuata, na chumba cha mwisho, ambacho mwanzoni kilikuwa kiwe stoo, kiko chini ngazi tatu. Familia ikaongezeka, stoo ikawa chumba cha watoto. Miaka ya mwanzo hatukuwa na tatizo, maji yalipita pembeni yakashuka zake. Kisha jirani wa chini akajenga ukuta. Ana haki yake, kiwanja ni chake, na kusema ukweli maji yangu yalikuwa yanamwingilia jikoni. Ila ukuta ulipokamilika, maji yote ya paa na ya mlima yakaanza kusimama kati ya nyumba yetu na ule ukuta kama vile ni lambo.

Baba watoto akachimba shimo kwenye ile kona ya chini kabisa, sentimeta 80 kwa 80, kina mita moja, akajengea tofali. Akaweka pampu ya umeme ya kuzama, ina boya lake: maji yakipanda boya linapanda, pampu inawaka yenyewe, inasukuma maji mpaka mfereji wa barabarani kule juu. Ilifanya kazi vizuri misimu miwili. Tukajiona tumemaliza.

Sasa mnakumbuka zile mvua za El Niño zilizoanza mwishoni mwa 2023 zikaendelea mpaka mwaka uliofuata. Januari 2024 mafuriko yaliingia majumbani kwa watu hapo hapo Morogoro mjini. Kwetu hayakufika, nikamshukuru Mungu, nikasahau. Aprili niko naiti, wodi imejaa, saa nane usiku simu inaita. Mama mkwe. Mama mkwe wangu hapigi simu usiku. Ni mtu wa Mgeta, amezoea mvua na baridi, hatishiki ovyo. Nilipoona jina lake miguu ikaisha nguvu.

Ilivyokuwa ni hivi. Mvua ilianza saa nne usiku. Saa sita umeme ukakatika, na pampu nayo ikazima. Baba watoto alikuwa safarini. Dada wa kazi amelala chumba cha chini na watoto: mkubwa kitandani, mdogo, ana miezi kumi na moja wakati huo, yuko na dada kwenye godoro sakafuni kwa sababu alikuwa ameshaanguka kitandani mara mbili. Dada anasema aliota anaoga. Alipoamka mgongo umelowa, godoro limekunywa maji upande mzima, na mtoto amelala tu kwenye upande ulio mkavu.

Akamnyakua, akamwamsha mkubwa, wakapanda ngazi. Hapo walikuwa salama. Ila dada, kwa akili ya binti wa miaka kumi na tisa, akakumbuka simu yake iko chaji kule chini, kwenye ekstensheni iliyokuwa sakafuni. Akageuka kuifuata. Bibi akamshika mkono. Akamwambia, "Simu ya nini mwanangu, umeme ukirudi je?" Akaenda akazima mein swichi ukumbini akiwa na tochi. Umeme ulirudi kwa majirani kama robo saa baadaye. Kwetu haukurudi, bibi alikuwa ameuzima.

Mimi nimeshapokea watu waliopigwa na shoti. Najua mkono unavyokuwa. Nilikaa kwenye kiti cha nesi stesheni nikashindwa kuandika ripoti.

Basi ona sasa mtego wenyewe. Maji yakiingia ndani ni lazima uzime mein swichi. Ukizima mein swichi, pampu ya umeme haifanyi kazi. Usipozima, unacheza na roho za watoto. Na mvua kubwa na umeme kukatika vinatembea pamoja, hilo sihitaji kumweleza Mtanzania. Yaani ile pampu ilikuwa inafanya kazi siku zote isipokuwa siku tuliyoihitaji.

Siku tatu baadaye mkubwa akaanza kuharisha. Tope lililoingia halikuwa maji ya mvua matupu, vyoo vya shimo huku juu vilikuwa vimefurika. Tulimpa ORS, pakiti moja kwenye lita moja ya maji yaliyochemshwa yakapoa, na zinki kwa siku kumi. Akapona. Mimi sakafu nikaifanyia kama tunavyofanya wodini: kwanza tope lote litoke, halafu maji na sabuni, halafu dawa ya klorini. Kama jiki yako ni ya asilimia 3.5, kikombe kimoja cha jiki kwa vikombe sita vya maji. Usimwage jiki juu ya tope, unapoteza hela, klorini inaishia kwenye uchafu. Na usichanganye na dawa nyingine ya choo, moshi wake unaumiza kifua.

Sasa tuje kwenye pampu. Kabla hujatoa hela nikwambie kitu: kama maji yako yanaweza kutoka kwa mteremko, chimba mfereji na uachane na haya mambo ya betri. Mfereji hauhitaji chaji. Sisi tulikosa mteremko kwa sababu ya ule ukuta, na jirani tulimwomba apitishe bomba akakataa, tukakubali yaishe.

Tulinunua pampu ya volti 12, zile wanazoweka kwenye boti kutoa maji. Baba watoto aliagiza Kariakoo ikaja na basi. Betri kavu ya ampea 100 ya mambo ya sola, siyo ya gari. Betri ya gari imetengenezwa kutoa nguvu nyingi kwa muda mfupi wa kuwasha injini, ukiinyonya polepole usiku kucha inakufa mapema. Chaja inayojizima yenyewe betri ikijaa. Boya lake la pembeni, fyuzi karibu na betri, bomba la inchi moja na nusu. Betri peke yake ilikaribia laki nne. Vyote na fundi tulivuka laki sita, na tulilipa kwa hela ya kikoba, nisiwafiche.

Wengine mtauliza kwa nini siyo sola. Sola ni nzuri, ila mvua ya siku tatu ndiyo siku tatu ambazo jua halipo. Sisi betri inachajiwa na umeme wa kawaida siku zote, ukikatika inakuwa tayari imejaa.

Pampu ya zamani hatukuitoa. Ile ya umeme boya lake liko chini, ndiyo inayofanya kazi kila siku. Ya betri boya lake liko juu kidogo, kwa hiyo inaamka pale tu ya kwanza ikishindwa.

Siku ya kufunga mimi nilikuwa kazini. Narudi asubuhi, nimechoka, nakuta fundi, baba watoto na bibi wamesimama nyuma ya nyumba wanatabasamu. Wamemwaga ndoo za maji shimoni, wameinua boya la pampu ya betri, pampu imewaka, maji yanatoka barabarani. Fundi ameshaanza kukusanya vyombo, hela iko mkononi. Nikauliza, "Mlizima umeme?"

Fundi akanijibu kwa upole, "Sista, haina haja. Pampu inakula betri, chaja kazi yake ni kujaza tu. Ni kitu kilekile."

Labda ni uchovu wa naiti, labda ni ule usiku. Niliwaambia zimeni mein swichi kwanza, ndiyo mniambie inafanya kazi. Wodini kila zamu tunakagua mashine ya kunyonya makohozi, mtungi wa oksijeni na ambubegi. Hatukagui kwa macho. Unawasha, unaziba mrija kwa kidole, unaona mshale unapanda. Mashine inayong'aa kwenye kona haijawahi kuokoa mtu, na nimeshuhudia tochi ya leba yenye betri zilizokufa ikitoka kwenye droo wakati mama anavuja damu. Sikutaka kubishana.

Wakazima. Wakamwaga maji. Pampu ikawaka kwa sauti nzuri tu. Dakika ya nne sauti ikaanza kuwa nzito. Dakika ya saba ikanyamaza. Shimo limejaa nusu.

Kimya. Bibi ndiye aliyecheka.

Fundi, na hapa nampa heshima yake, hakuleta ubishi. Akatoa mita yake. Betri ikiwa imetulia inasoma volti 12 na ushee, unaona nzima. Ukiipa mzigo inashuka chini ya 10 hapo hapo. Betri mpya ya karatasini, kumbe imekaa dukani muda mrefu bila kuchajiwa ikafia kwenye boksi. Asubuhi ile iliwasha pampu vizuri kwa sababu chaja ilikuwa inaisaidia, umeme upo. Tungelala na hiyo betri tukiamini tuna betri. Duka walinung'unika, tulikuwa na risiti na waranti, wakabadilisha. Safari hii fundi aliipima na mzigo pale pale kaunta.

Tukajaribu tena, mein swichi imezimwa. Ikaja shida ya pili: boya likakwama kwenye bomba, maji yanapanda lenyewe limeegemea tu kama mgonjwa asiyetaka kuamka. Fundi akalisogeza na kufupisha waya wake. Shida ya tatu: pampu ikimaliza na kuzima, maji yote yaliyobaki kwenye bomba refu yanarudi shimoni, boya linapanda, pampu inawaka tena, inazima, inawaka. Ingekula betri usiku mzima kwa kusukuma maji yaleyale. Dawa yake ni valvu ya njia moja, maji yanapita yakienda, hayarudi.

Jaribio la nne nililifanya mwenyewe na saa ya kazini. Tulijaza pipa la lita 200 tukalimwaga shimoni taratibu, nikahesabu. Lita 200 zilitoka kwa dakika nne na nusu. Ukipiga hesabu ni kama lita 2,700 kwa saa. Boksi la pampu limeandikwa lita 4,000. Siyo uongo, boksi linahesabu maji yasiyopanda popote, yetu yanapanda karibu mita mbili na nusu na bomba lina kona. Kwa hiyo namba ya boksi msiiamini, pimeni ya kwenu.

Je, inatosha? Shimo letu linabeba lita kama 640, na kwenye mvua kubwa, pampu zote zimezimwa, baba watoto alipima likajaa kwa dakika 25. Hiyo ni kama lita 1,500 kwa saa zinazoingia. Zinazotoka ni 2,700. Tumepona. Na betri? Pampu inakula ampea 5. Betri ya 100 usiimalize, tumia nusu, yaani 50. Hamsini gawa kwa tano ni saa kumi mfululizo, na kwa kuwa pampu inafanya kazi kama nusu ya muda tu, tunavuka usiku mzima na sehemu ya mchana wake. Ni hesabu kama za matone ya dripu, mtu aliyeweza dripu anaweza na hizi.

Nyongeza ya fundi niliyoipenda kuliko zote: boya la tatu, juu kabisa, limeungwa na honi ya pikipiki kwenye ukuta wa ukumbini. Maji yakifika hapo maana yake pampu zote mbili zimeshindwa, honi inalia, watu wapande ngazi na mein swichi izimwe. Inalia vibaya! Mara ya kwanza mdogo alilia nusu saa.

Sasa yanayohusu watoto moja kwa moja, na hapa naongea kama nesi. Lile shimo ni kisima cha kuzamia. Mtoto anayetambaa anazama kwenye maji ya kimo cha kiganja, na hapigi kelele, msidanganyike na sinema. Letu lina mfuniko wa nondo na wavu, una kufuli, ufunguo anao bibi. Pampu haimalizi maji yote, chini yanabaki kidogo, na mbu wakitaga hapo ndani ya wiki moja na siku chache unao wapya. Kwa hiyo wavu ni wa matundu madogo, na kila Jumamosi tunakausha kwa kopo. Betri iko barazani ndani ya sanduku la mbao lenye matundu, juu ya usawa wa mtoto. Siyo chumba cha kulala, siyo uvunguni, na siyo karibu na jiko la gesi, kwa sababu betri ikichajiwa inaweza kutoa hewa inayoshika moto. Ikitokea tindikali imemwagikia mtoto, vua nguo, mwagia maji mengi yanayotiririka kwa dakika ishirini au zaidi, jichoni hivyohivyo, halafu hospitali. Usipake dawa ya meno, usipake asali.

Na kama maji yameshaingia na mein swichi iko ng'ambo ya maji, usiyakanyage kuifuata. Toka nje na watoto, omba msaada wa kukatiwa umeme kutoka nje.

Kilichobaki kilikuwa ni mtu. Pampu tuliijua mimi, baba watoto na fundi, na usiku ule wa Aprili hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nyumbani. Waliokuwepo ni bibi na dada. Kwa hiyo kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi anayejaribu ni dada. Mimi nasimama pembeni na mikono nyuma, simsaidii. Anazima mein swichi, anamwaga ndoo kumi, anasikiliza, anaangalia maji barabarani, anaminya honi, anawasha, anaandika kwenye daftari linaloning'inia mlangoni na peni yake imefungwa kwa kamba. Tarehe, saa, imewaka au haijawaka, jina. Mwezi wa kwanza alitetemeka. Mwezi wa tatu alinigombeza mimi kwa kuweka ndoo za nguo mbele ya mlango wa nyuma. Oktoba alikuta nati ya waya wa betri imelegea, akamwita fundi kabla hajaniambia.

Desemba nilikuwa naiti tena. Mvua ikaanza saa tatu usiku, naisikia kwenye mabati ya wodi. Saa sita nikapiga nyumbani, simu haipokelewi. Nikapiga tena. Nikapiga ya bibi, imezimwa. Nilimaliza zamu sijui nilivyoimaliza, nikapanda Noah ya kwanza, kutoka Sangasanga nikachukua boda, nimelowa mpaka ndani.

Mlango umefungwa, ndani kimya. Nikaingia kwa ufunguo wangu. Chumba cha chini sakafu kavu, watoto wamelala, bibi anakoroma. Dada amekaa kwenye kiti ukumbini chini ya ile honi, shingo imelala begani, tochi mapajani. Simu yake iko mezani, chaji imeisha. Nikaenda kwenye daftari. Ameandika kwa mwandiko wake wa kulala upande:

"Umeme hamna saa 5 na nusu. Nimezima mein. Pampu ya betri imewaka. Saa 8 imewaka. Saa 10 imewaka. Watoto wamelala. Bibi amelala. Mimi nipo."